Wesha hadi Misali kwa boti ya kukodi: nahodha aliyemhesabu mtoto wa miaka miwili

Jumamosi iliyopita tulikodi boti kutoka Wesha, gati la karibu na Chake Chake hapa Pemba, kwenda kisiwa cha Misali: mimi na wanangu wawili, kaka na mkewe na mtoto wao wa miaka miwili, wageni wetu wanne kutoka Mombasa, na kijana wa dada yangu. Tulilipa shilingi 250,000 kwa boti nzima, kwenda na kurudi, mbali na ada ya kuingia hifadhini. Nampa nahodha nyota nne kati ya tano. Chakula kilikuwa wali wa nazi na pweza, kitamu na cha kutosha, na matumbawe ya Misali kila aliyeyaona anayajua. Ninachotaka kukieleza hapa ni namna chombo kilivyoendeshwa.

Ubavuni mwa boti pameandikwa kwa rangi: abiria 10, mabaharia 2. Sisi tulikuwa 11. Kaka akasema mtoto tutampakata, hana hata uzito wa mkoba. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya kiua, akamjibu kwa upole: "Mtoto wa kupakatwa ndiye wa mwanzo kuponyoka. Na yeye ni mtu, mwanangu. Mpo 11." Kaka akamwomba, akamwita ami, akamwambia ni safari fupi tu na bahari imetulia. Mzee hakusogea. Mwisho kijana wa dada akajitolea kubaki, akapanda bodaboda akarudi Chake Chake.

Wageni walinuna kidogo. Mimi sikununa. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa maana ya kujaza chombo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama baharini upande wa Nungwi ikija kwetu, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake. Mke wa jirani yetu alikuwemo. Hakuonekana tena, na mumewe hadi leo hapandi chombo chochote. Kwa hiyo nilipomsikia mzee yule anakataa kichwa kimoja cha ziada, tena kwenye boti ndogo ya matembezi, moyo wangu ulitua.

Kabla ya kung'oa nanga kila mtu alivaa jaketi la kujiokolea. Na si kuvaa tu: baharia alipita kwa mmoja mmoja, akafunga vifungo, kisha akashika mabegani na kulivuta jaketi juu kwa nguvu. Likifika masikioni, halijakaa, anakaza upya. La mtoto lilikuwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu, ukosi mkubwa wa kuinua kichwa, na mshikio mgongoni wa kumnyakulia. Filimbi imefungwa kifuani. Mwanangu wa miaka tisa akaipuliza pale pale, baharia akamwambia: "Vizuri, sasa ujue ipo. Ukiipuliza tena ndani ya maji, nitajua unaniita."

Nasema haya kwa sababu ya yaliyotupata mwaka jana. Tulikuwa Unguja, tukaenda kisiwa cha Mnemba kwa boti ya watu wengine kabisa. Majaketi yalikuwepo, lakini yalikuwa yamefungwa kwa kamba chini ya mapezi na miwani ya kuogelea, juu yake ndoo ya barafu. Nilipouliza nikaambiwa, "Tukipata shida tutayatoa." Shida ikija nani ana muda wa kufungua kamba? Kule kwenye matumbawe boti zilikuwa nyingi, na nahodha wetu akazungusha mashine kujipanga upya huku watu wapo majini. Binti yangu aliibuka hatua mbili tatu kutoka kwenye rafadha. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Hakuna aliyeomba radhi.

Mzee wa Wesha alifanya kinyume. Tulipofika Misali alizima mashine, akangoja boti isimame, akainua mkono. Baada ya hapo ndipo ngazi ikashushwa. Baharia mmoja alibaki chomboni muda wote akituhesabu vichwa, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda kwa upande wa nyuma ilipo mashine.

Kuna kitu kingine nilikuwa sijakiona kwa boti zetu. Mzee alipokamata usukani alijifunga kwenye kifundo cha mkono kikamba chekundu, kimejipinda kama waya wa simu za zamani, ncha ya pili imechomekwa kwenye mashine. Nikamuuliza. Akasema akianguka yeye baharini, kikamba kinachomoka na mashine inazima hapo hapo. Bila hicho boti isiyo na mtu huzunguka yenyewe na inaweza kumrudia aliyeanguka. Alikichomoa kunionyesha, mashine ikanyamaza, tukasikia maji tu yakipiga ubavu. Akakirudisha, akawasha.

Njiani tulikutana na ngalawa imetweka tanga, wavuvi wawili. Tulikuwa na mwendo mzuri, lakini mzee akapunguza mapema, akageuza, akapita nyuma yao. Akasema mwenye mashine ndiye wa kumpisha mwenye tanga, kwa sababu mwenye tanga anafuata upepo na hawezi kusimama anapotaka. Na mawimbi unayoyaacha nyuma yako ni yako, yakimpindua mtu umempindua wewe. Wavuvi walituinulia mkono.

Jambo lililoleta mzozo ni saa ya kurudi. Ilikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, na yalijaa karibu na saa nne asubuhi. Mzee akatuambia tangu gatini kwamba saa nane tunaondoka, kwani kusi, upepo wa kusini, bado haijakwisha na alasiri upepo unapanda, tena maji yakitoka njia ya kuingilia Wesha inakuwa finyu. Saa nane ilipofika watoto wanalia, wageni wanataka saa moja zaidi, mmoja akatoa noti. Mzee alimrudishia. "Ungenilipa kwa kuondoka ningepokea," akasema. Nusu ya njia bahari ilianza kuwa na vichwa vyeupe, tukarowa wote hadi mabegani, na mgeni wa noti akawa wa kwanza kushika ukingo.

Sasa nyota iliyopungua. Kizimamoto kipo, lakini sindano yake imelala kwenye nyekundu, maana yake hakina nguvu, na hapo pembeni kuna galoni za petroli. Pili, hakuna redio ya kuitia msaada. Wanategemea simu, na upande wa Misali mtandao unakuja na kuondoka, wakati nje ya kisiwa ni mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita. Redio ya baharini ya mkononi, ile ya VHF, yenye chaneli ya 16 ya miito ya dharura, si ya kukosa. Nilimwambia yote mawili. Hakubisha. Alikitazama kizimamoto, akakitoa mahali pake, akasema hakirudi humo hadi kijazwe. Ukienda, kiulizie.

Na ukienda, mwombe pia akuonyeshe cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Usafiri wa Baharini. Mimi nilikiona, kimewekwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni yake, na hakuchukia kuulizwa.

Asubuhi kabla hatujaondoka alikuwa amemwachia kijana wa gatini daftari lenye majina yetu yote, tunakokwenda na saa ya kurudi, na maagizo kwamba hadi saa kumi tusipoonekana awapigie KMKM, kikosi cha Zanzibar kinacholinda bahari. Tuliingia Wesha saa tisa na dakika chache. Kijana alikuwa amekaa juu ya gunia, daftari mapajani. Akachukua kalamu, akawa anatuita mmoja mmoja tunaposhuka na kupiga mstari, na alipofika kwa mtoto, aliyelala begani kwa kaka na jaketi lake, akamwita kwa jina lake kamili na kungoja tumuitikie.