Karura: teremka mpaka mtoni

Wengi wakikwambia wameenda Karura, ule msitu wa jijini Nairobi, ujue wametembea zile barabara pana za udongo mwekundu, wakapiga picha, wakala karibu na geti la Limuru Road, basi. Si vibaya. Ila ukiniuliza mimi, utamu wa msitu huu uko bondeni, kando ya Mto Karura.

Niende asubuhi siku ya kazi, ndivyo nilivyoshauriwa, na ushauri ulikuwa mzuri: wikendi njia hujaa watu na mbwa wao. Malipo ni kwa simu, noti zako hazina kazi pale. Chupa za plastiki za kutumia mara moja pia haziingii. Kwenye makutano ya njia kuna nguzo zenye namba, kwa hiyo ukiwa na ramani si rahisi kupotea.

Njia ikianza kuteremka, kelele za magari zinafifia na ubaridi unakupiga usoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku; udongo ulinata kwenye soli mpaka viatu vikawa vizito, na karibu na maporomoko nilishuka kwa kushikilia mizizi. Maporomoko yenyewe yana urefu wa mita 15 hivi, maji ya rangi ya chai yakigonga mwamba mweusi. Povu linazunguka chini, na katikati yake niliona kandambili moja ya bluu ikizunguka nalo. Mto huu umepita mitaani kabla ya kufika hapa, na harufu inakuambia hivyo. Watoto wasichezee maji, tafadhali.

Mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na wakoloni wa Kiingereza, walijificha hayako mbali. Nilikaa kidogo tu. Kilichonichelewesha ni mbega, wale wenye manyoya meupe marefu mgongoni, waliorudishwa msituni humu miaka ya 2010. Mmoja alinitazama, akaendelea kutafuna majani kana kwamba sipo.

Ukipanda tena unayaona majumba yalivyobana fensi. Mwaka 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa hapa wakipinga msitu kugawiwa watu binafsi. Bila wao, leo ningekuwa natembea kwenye maegesho ya magari.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa sababu ya uchafu wa mto. Mwenye magoti mabovu abaki njia za juu. Baiskeli za kukodi zipo getini, lakini kwa huku mtoni achana nazo.