Ukuta wa zege au mikoko: kipi kiilinde pwani?

Ukuta wa zege una sifa moja kubwa: ukikamilika leo, kesho unafanya kazi. Mji uliojengwa hadi ukingoni mwa maji mara nyingi hauna njia nyingine. Lakini wimbi linalougonga hurudi na nguvu zake na kuchimba mchanga chini ya msingi. Ufuo hupungua, na majirani wasio na ukuta ndio huliwa ardhi.

Mikoko haigombani na bahari. Mizizi yake iliyosukana hupunguza kasi ya mawimbi hatua kwa hatua, na tope linalobebwa na maji hutua papo hapo. Usawa wa bahari ukipanda taratibu, sakafu ya msitu nayo inaweza kupanda. Humo samaki wachanga na kamba hujificha, na kaboni huzikwa topeni kwa karne nyingi. Kasoro yake ni muda: miche huhitaji miaka, na ikipandwa mahali panapofunikwa na maji kutwa kucha, hufa. Kosa hili hurudiwa mno, na linaniuma.

Penye nafasi, nachagua mikoko. Hata palipo na ukuta tayari, iliyobaki mbele yake isikatwe.