Uzoefu wangu na Jumuiya ya WhatsApp: kuunganisha magrupu ya nafaka ya Kisenyi, Busia, Mutukula na Elegu

Wadau habari zenu, mimi nauza mahindi na maharagwe hapa Kisenyi Kampala na ni adimini wa grupu letu la soko, naona wengi mnauliza kama hii kitu ya Jumuiya (Communities, sehemu ya WhatsApp ya kuweka magrupu mengi chini ya mwavuli mmoja) inafaa ama ni kelele tu. Inafaa jamani, ila kazi kubwa ni ya maadimini.

Zamani kila mpaka na grupu lake. Mutukula wanaongea mchele wa Tanzania, Busia bei za Kenya, Elegu wateja wa Sudan Kusini, na habari haitoki huku kwenda kule mpaka apatikane mtu aliye kwenye magrupu yote aifowadi, picha ile ile inakuingilia mara nne na bando lenyewe tunalilipia ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu kwenye nafaka) ndio ilikuwa balaa, grupu hili linasema mpaka umefungwa kabisa, lile linasema umefunguliwa, na zuio lilipolegezwa siku chache baadaye sharti la sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni wengine hawakulisikia.

Jumuiya ilitoka Novemba 2022. Unaunganisha magrupu mengi, na juu yake kuna grupu la matangazo, wanaotangaza ni maadimini peke yao, halafu namba za wanachama humo hazionekani kwa wenzao, kwa hiyo mtu hakai anavizia wateja wako. Watu wa Elegu wanaendelea na stori zao kwao, sisi kwetu. Tulikubaliana tangazo liwe fupi: "Mahindi meupe, unyevu asilimia 13, gunia za kilo 100, yapo Kisenyi", na picha ya kipimo cha unyevu namba zionekane, maana ikivuka asilimia 13.5 kiwango cha Afrika Mashariki kinakataa. Ukiona tangazo hilo unampigia adimini wa Kisenyi, basi. Na tapeli akitolewa kwenye jumuiya anatoka magrupu yote yaliyomo, hilo peke yake mimi linanitosha.

Kuna kitu kimoja kigumu, grupu haliwezi kukaa kwenye jumuiya mbili. Wenzetu wa malori walitaka grupu la Busia liende kwenye jumuiya yao, tukavutana sana, mwisho likabaki kwetu na adimini mmoja wa Busia akaingia kwenye grupu la madereva kama mwanachama wa kawaida tu, yeye ndio anatuletea habari za foleni na kupeleka za mizigo, na hapo naona teknolojia ilikwama watu wakaelewana wenyewe. Pia wekeni zamu, kuna mmoja alikuwa anatangaza mzigo wake kila asubuhi mpaka watu wakaanza kuzima sauti.

Msiogope kujaribu, ukiivunja jumuiya magrupu hayafutiki, kila moja linarudi kivyake. Wa Mpondwe, mpaka wa Congo, kama mna grupu la maharagwe adimini wenu aniandikie inboksi, tunawahitaji kweli.