Seti ya kuvulia ya watoto, ile ya sokoni Goma

Ndani mna fimbo ya mwanzi ya mita 2, nailoni, boya la kizibo, risasi ya uzito na ndoano mbili. Mwanzi ni mzuri kweli, mwepesi hata kwa mtoto wa miaka saba. Ndoano ndizo zinazoharibu kazi: kubwa mno kwa tilapia wadogo wa ukingoni mwa Ziwa Kivu, wanakula mnyoo na kuacha chuma. Weka ndogo, namba 12, ukibana kijino chake kwa koleo ili ikichoma kidole itoke bila kuchana nyama. Risasi inazamisha boya; kata nusu.

Fundo la ndoano hufunguka likilowa. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe juu yake wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na ndoano, lowesha, kaza. Mawe ya volkeno hukwaruza nailoni, kwa hiyo kata sentimita 20 za mwisho kila mkirudi. (Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, msiwangoje: hao huvuliwa usiku, kwa taa na nyavu.)

Mtoto asikae shimoni wala bondeni. Mazuku, yaani kaboni dioksidi nzito kuliko hewa, hutuama chini, na mfupi ndiye huivuta kwanza.