PRS ya 2000 na MKUKUTA: ipi ilimfaa maskini?

Mkakati wa kwanza wa Tanzania wa kupunguza umaskini, PRS, ulikamilika Oktoba 2000, na mkono wa wakopeshaji unaonekana humo: bila waraka huo, msamaha wa madeni chini ya HIPC, mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, usingepatikana. Ulichagua sekta chache za kipaumbele: elimu ya msingi, afya, maji, barabara za vijijini, kilimo, mahakama. Ufinyu huo ndio uliokuwa nguvu yake. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, watoto wakafurika madarasani hadi madawati yakawa haba.

Mrithi wake, MKUKUTA (Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania), ulioanza 2005, ulitazama matokeo badala ya sekta, katika nguzo tatu: ukuaji na kipato, ustawi wa jamii, utawala bora. Wananchi walishirikishwa zaidi, na hata jina lake lilikuwa la Kiswahili. Lakini karibu kila wizara ilijikuta humo, na kipaumbele cha wote si kipaumbele.

Kipato je? Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 35.7 mwaka 2000/01 hadi 33.6 mwaka 2007: kushuka kidogo tu, katika miaka iliyogusa mikakati yote miwili. Kwa mizani hiyo, mimi ningechukua ushirikishwaji wa MKUKUTA na orodha fupi ya PRS.