Ukienda kununua Morris Minor, piga magoti kwanza

Wasomaji wanaoishi Uingereza wananiletea lalamiko lile lile: mtu kanunua gari la kale linang'aa, kafika kona ya kwanza, gurudumu la mbele limelala chini ya madigadi. Habari za kutu siziandiki, kila mtu anazijua. Naandika habari za grisi.

Nguzo inayoshika gurudumu la mbele la Minor imechongwa nyuzi juu na chini, kama skrubu, na nyuzi za chini ndizo zinazobeba mzigo. Zikikosa grisi hulika polepole hadi nguzo inachomoka. Kila upande una nipo mbili za grisi, yaani vichuchu vya kuingizia grisi kwa bomba. Pangusa uchafu uzione. Nipo iliyozibwa na rangi haijaguswa na bomba la grisi tangu gari lipigwe rangi. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise kwa nguvu. Likicheza, gari hilo ni la kupunguziwa bei au la kuachwa. Ukishalinunua, piga grisi kila maili 1,000 gurudumu likiwa linaning'inia, ili grisi ipenye pale panapobeba uzito.

Pamoja na hayo, Minor kwangu ni namba moja. Alec Issigonis aliisanifu, ikatoka 1948, na vipuri vyake bado vinapatikana. Tafuta ya kuanzia mwishoni mwa 1962, yenye injini ya cc 1,098. Kioo cha mbele kilichogawanyika katikati ni cha kabla ya Minor 1000 ya 1956, kwa hiyo anayekuuzia hicho kwa jina la 1000 mbane kwa maswali.

Inayofuata ni Morris Oxford Series VI ya 1961, cc 1,622, pacha wa Austin A60 Cambridge. Pininfarina, msanifu wa magari wa Italia, alichora umbo moja, likauzwa kwa majina matano, nawe utayatofautisha kwa grili. Wolseley, mojawapo ya hayo matano, haikupotezi: nembo yake huwaka usiku.

Ford Anglia 105E, ile ambayo kioo chake cha nyuma kimeinamia ndani, haina nyuzi hizo mbele. Ningeipandisha daraja, lakini sinema za Harry Potter zimeipandisha bei mno. Hillman Minx ni tulivu. Vauxhall Victor ya 1957 ukiiona rahisi, ipite.

Wanaonikera ni wauzaji. Tangu 2018, gari lililozidi miaka 40 na halijafanyiwa mabadiliko makubwa limesamehewa MOT, ule ukaguzi wa usalama wa magari wa kila mwaka huko Uingereza. Basi wanaandika "halihitaji MOT" kwa herufi kubwa, kana kwamba ni cheti cha uzima, wakati huenda hakuna aliyechungulia chini yake kwa miaka. Zulia jipya linaongezwa kwenye bei, krome inaongezwa kwenye bei. Ukiuliza lilipigwa grisi lini, kimya.

Ukaguzi wa hiari unaruhusiwa. Mwambie muuzaji alipeleke gari MOT, na kama hataki, hata ada ya ukaguzi ukimlipia wewe, usitoe malipo ya awali.