Maabara au wodini, kipi kinakubeba kuingia udaktari?

Mdogo wangu, kama unaomba MD (shahada ya udaktari) pale Muhimbili, miezi sita ya kupima malaria kwenye maabara Kariakoo haikuongezei pointi hata moja, wanaangalia fizikia, kemia na baiolojia yako ya kidato cha sita basi. Ila ukiomba Marekani mambo tofauti, fomu ya AMCAS, ya kuomba vyuo vingi vya udaktari vya huko, ina nafasi 15 za kueleza kazi na shughuli zako, na hapo maabara inaonekana, hasa kama ni utafiti na unajua mlikuwa mnatafuta jibu la swali gani. Kujitolea wodini mi naona ndo kuna uzito zaidi, maana unakaa na mgonjwa mwenyewe, sio chupa ya damu yake, na wakikuuliza kwa nini udaktari una la kusema.